Turbo ya 4E kwenye Starlet, na joto letu la Mtwara

Kila mtu hapa Mtwara anayejua nina Starlet ya zamani ashawahi kuniambia maneno yale yale, njomba weka injini ya IST umalize. Na naelewa kwa nini wanasema ivo. IST zimejaa mjini, injini yake ya 1NZ inapatikana kirahisi, inakula mafuta kidogo, ikifa leo wiki hii hii unapata nyingine. Ila mi nimeweka injini ya 4E-FTE yenye turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ile ile ambayo Toyota wenyewe waliiweka kwenye Starlet GT, na leo nataka nieleze kwa kirefu kwa nini, na hasa nieleze yale ambayo watu hawaulizi, maana mtu akiona turbo anauliza inakimbia ngapi basi, hakuna anayeuliza habari za waya wala rejeta wala ethi (zile waya za kurudisha umeme kwenye bodi), wakati kazi karibu yote ilikuwa huko.

Nianze na gari yenyewe. Yangu ni EP82, hiyo ni kodi ya bodi ya Starlet, ilitoka Japan mwishoni mwa 1989 ikaenda mpaka 1995, kisha ikaja EP91 ambayo ndo wengi tunaiona bado barabarani, na 1999 Starlet hizo zikafungwa nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Yangu ni toleo linaloitwa "Si", lenye milango mitatu, ilikuja na 4E-FE isiyo na turbo, cc 1331, valvu 16, na kwa karatasi za Japan ikiwa mpya ilikuwa na nguvu za farasi 100. Hizo farasi zilishaondoka zamani. Ilikuwa inakula oili, moshi wa bluu ukikanyaga, ukiwasha asubuhi inamiss mpaka ipate joto. Lakini bodi ilikuwa nzima kwa kiwango cha gari iliyoishi pwani, na ni nyepesi, haifiki kilo 900, kitu ambacho ukishaendesha gari nzito za siku hizi ndo unaelewa thamani yake. Unakata kona gari inageuka pale pale, huhitaji kuisubiri.

Hizi gari ndogo zenye mwendo zilizaliwa kwa kubadilishiwa injini kiwandani. Volkswagen walichukua Golf ya familia wakaiwekea injini ya 1.6 yenye farasi 110, ikaanza kuuzwa 1976 kwa jina la GTI. Peugeot wakaja na 205 GTI mwaka 1984, nayo ikaanza na 1.6 kisha wakaipandisha mpaka 1.9. Toyota 1986 wakatia turbo kwenye Starlet ya EP71, na ilipokuja EP82 wakatoa GT yenye 4E-FTE, cc zile zile 1331, farasi 135. Kwa iyo mtu akiniambia nimeharibu gari kwa kubadilisha injini namwambia hapana, nimeifanyia kile ambacho kiwanda kilimfanyia ndugu yake.

Sasa kwenye kuchagua injini ndo tulibishana sana. Kulikuwa na kundi la IST kama nilivosema. Ukiangalia kwa karibu 1NZ haikai kirahisi kwenye EP82, mauntingi za kushikia injini si zile, giaboksi si ile, ekzosi ya 1NZ inatokea nyuma upande wa dashibodi wakati ya 4E inatokea mbele upande wa rejeta, waya zote mpya, yaani unajenga kila kitu kwa kuchomelea halafu mwisho wa yote unapata injini ya kawaida. Kulikuwa na vijana wanataka injini ya 3S ya Toyota, cc 2000. Hiyo sikuijadili hata kidogo, ni kubwa na nzito, unaipakia puani mwa gari ambayo uzuri wake wote ni wepesi, ukifika kwenye kona pua inaenda moja kwa moja.

Aliyekuwa na hoja ya maana ni fundi wangu. Huyu ni mzee, amefungua injini nyingi kuliko ninazoweza kuwaza, na yeye alitaka injini ya 5E ya Toyota Raum. Sikiliza hoja yake maana ni nzuri. 4E na 5E ni ukoo mmoja, kipenyo cha silinda ni kile kile milimita 74, tofauti ni mwendo wa pistoni, 4E ni 77.4 na 5E ni 87, ndo maana moja ni cc 1331 na nyingine 1497. Raum za kwanza zile za 1997 mpaka 2003 zina hiyo injini, na Raum ziko nyingi huku, mpaka Masasi na Nachingwea unazikuta. Akaniambia mjukuu wangu, farasi za kwenye karatasi hazina kazi, 5E inavuta kutoka chini, ukiharibikiwa Nangurukuru kule Kilwa utapata spea, hiyo turbo yako ukiharibikiwa Nangurukuru utalala hapo. Nilikaa na hilo neno muda.

Kilichonifanya nibaki na turbo ni kwamba ukoo ni ule ule. Ukitoa turbo yenyewe na vitu vinavyoizunguka, na pistoni zake, na sensa mbili tatu, vingi vinavyokufa mara kwa mara kwenye 4E-FTE unavipata kwenye 4E ya kawaida iliyoko kwenye Starlet na Corolla kibao, na mauntingi zinakaa pale pale bila kuchomelea kitu. Kwa iyo hofu ya mzee niliichukua kama kanuni ya kazi, kila kitu ambacho si lazima kiwe cha GT kiwe cha kawaida kinachopatikana Mtwara, na vile vya GT peke yake niwe na akiba ndani ya nyumba. Naye akakubali. Alikubali kwa shingo upande lakini akishakubali kazi anaifanya kwa moyo wote, na hilo namheshimu sana.

Nilinunua nusu gari ya GT Dar, hafukati, yaani mbele yote mpaka kwenye dashibodi, na hili nalisisitiza kwa yeyote anayetaka kufanya kazi hii, usinunue injini tupu. Ukinunua injini tupu unaona umeokoa hela halafu unaanza kutafuta kontroo boksi (kompyuta ya injini) peke yake, waya peke yake, intakula ya kupooza hewa ya turbo peke yake, giaboksi, driveshafti, pampu ya mafuta, na kila kimoja kinatoka gari tofauti na hakuna anayejua kama kizima. Mzigo wenyewe ulipangwa kuja Mei 2024, na mnakumbuka ile Mei, kimbunga Hidaya kilipita mvua zikakata barabara ya Kusini kule Somanga, magari yakakwama huku na huku, kwa iyo injini ilibaki Dar mpaka njia ilipopitika. Huku Kusini tumeshazoea kupanga mambo tukiiangalia ile barabara kwanza.

Ilipofika hatukuiwasha. Mzee alitoa oili kwanza akaimwaga kwenye beseni, akaiacha itulie, akapitisha sumaku chini taratibu akiangalia kama kuna unga wa chuma. Akafungua kifuniko cha oili akapitisha kidole ndani kuona kama kuna tope. Akatoa plagi zote nne, akatia oili kidogo kwenye kila silinda, akazungusha krankshafti kwa mkono na spana, maana injini iliyosafiri baharini na kukaa yadi inaweza kuwa imeshika kutu kwenye ukuta wa silinda, ukiiwasha kwa pupa unakwangua ringi siku ya kwanza.

Halafu akaja kwenye turbo. Alishika ile shafti kwa vidole viwili, akaisukuma kuelekea ndani na kuivuta nje, haikutikisika. Akaitikisa juu chini, ikacheza kidogo sana. Mi nikashtuka kwa huo mchezo, akanituliza. Turbo ya beringi za oili ikiwa kavu lazima icheze kidogo juu na chini, oili ikipanda inajaza ile nafasi na shafti inaelea katikati, kinachoua ni ikicheza kwenda mbele na nyuma, au pangaboi likigusa ukuta wa nyumba yake. Akanionyesha kwa tochi ncha za yale mapanga, zote zina makali yake, hakuna alama ya kugusa. Hapo ndo akasema neno moja, nzima.

Wakati injini iko chini tulibadilisha taimingi beliti, tensheni yake, waterpampu, seali za mbele na nyuma, na klachi nzima. Hayo ukiyafanya injini ikiwa nje ni kazi ya asubuhi moja, ikishaingia ndani ya kile kichumba kidogo cha Starlet ni mateso. Giaboksi tuliweka ile ya GT na driveshafti zake maana ile ya kawaida haikujengwa kubeba huo mzigo.

Sasa waya. Hapa ndo muda ulipoenda. Kwa gari ya pwani adui wa kweli ni chumvi ya hewani, na haiko kwenye bodi peke yake ambako unaiona kutu, inaingia ndani ya waya ambako huoni kitu. Fundi umeme alihamisha waya za GT zote, soketi kwa soketi, akiwa na mita mkononi na karatasi, hakuunganisha kwa kukata na kufunga selotepu, alisodea. Ikawaka. Ikawaka vizuri kabisa, ukiisikiliza imetulia, ila ukikanyaga inakata, inarudi, inakata, na taa ya injini ikaja kwenye dashibodi.

Kwenye hizi Toyota za zamani huhitaji kompyuta kusoma tatizo. Kuna kiboksi kidogo chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS, unafungua, unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi, taa ya injini inaanza kukonyeza na we unahesabu. Ikakonyeza tatu, ikapumzika, ikakonyeza moja. 31, sensa ya presha ya manifodi, njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Kila mtu pale gereji akasema sensa imekufa tafuta nyingine, na hiyo sensa ni ya turbo, ya injini ya kawaida haiwezi kukaa hapo kwa sababu haisomi presha turbo ikianza kusukuma. Fundi umeme akakataa. Akaanza kufuata ule waya wa ethi wa sensa, kwa nje mzima, rangi ipo, hauna mkunjo. Akauminya kwa vidole kila baada ya inchi chache mpaka akafika sehemu akahisi ndani pako laini. Akaukata pale, akavua plastiki. Shaba yote ndani ilikuwa kijani, akaigusa ikamwagika unga.

Waya mmoja mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, na gari nzima ilikuwa inasimama kwa ajili yake. Baada ya hapo hatukumwamini tena waya yeyote. Ethi zote zilitolewa, sehemu zinapofungwa kwenye bodi zikasuguliwa mpaka chuma kikang'aa, zikafungwa, zikapakwa grisi juu, na tukaongeza ethi nene kutoka injini kwenda bodi na nyingine kutoka betri. Mtu yeyote Mtwara, Lindi au Kilwa mwenye gari ya umri huu hata kama habadilishi injini afanye hili la ethi. Matatizo mengi tunayoita sensa mbovu ni kutu ya ndani ya waya.

La pili ni joto, na hapa nina msimamo mkali. Turbo inagandamiza hewa, na hewa ukiigandamiza inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochoma mkono ukijaza tairi. Hewa yetu ya mchana inaingia ikiwa na nyuzi 30 na zaidi, ikishagandamizwa mara moja na nusu hivi inatoka kwenye turbo ikikaribia nyuzi 90. Hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo, na mbaya zaidi inafanya mafuta yalipuke kabla ya wakati wake ndani ya silinda, injini inagonga, na injini ya turbo ikigonga muda mrefu inatoboa pistoni. Ndo maana kuna intakula, na kwenye GT intakula imelala juu ya injini, inapata hewa kupitia kile kitundu cha kwenye boneti. Ukiwa kwenye mwendo iko sawa. Ukisimama, injini yote iko chini yake inaichemsha.

Vijana wengi wanaitoa wanaweka kubwa mbele ya rejeta. Mi nilikataa na mzee akaniunga mkono. Kwenye 4E turbo yenyewe imekaa mbele, jirani kabisa na rejeta, sehemu ambayo tayari ina moto wa kutosha, ukiweka na intakula mbele rejeta inapokea hewa iliyokwisha pashwa moto, na kwa hali ya hewa ya hapa unahama kutoka tatizo moja kwenda lingine kubwa zaidi. Tulibaki na ya juu, tukaweka boneti ya GT yenye kitundu, na kati ya boneti na intakula tukazungushia sponji nene ili hewa yote inayoingia ipite katikati ya mapezi isipate njia ya pembeni. Juu ya turbo tukaweka kinga ya bati. Rejeta ikafunguliwa ikasafishwa ndani, feni ikabadilishwa. Maji tuliweka kulanti, maji ya visima vya huku mengi yana chumvi na ukiyatia kwenye injini unaikaribisha kutu kwa mikono yako.

Na themostati imo, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto lake. Najua mafundi wengi Tanzania hii wakiona gari inachemsha kitu cha kwanza wanang'oa themostati wanatupa, wanasema nchi yetu ya joto haihitaji. Inahitaji jamani! Ukiitoa, ukiwa kwenye mwendo maji yanazunguka bila kizuizi, injini haifiki joto lake la kazi, kontroo boksi inadhani injini bado ya baridi inaendelea kuongeza mafuta, unanuka petroli, plagi zinakuwa nyeusi, mafuta ya ziada yanaosha oili kwenye kuta za silinda na ringi zinaisha mapema. Gari ikichemsha tafuta sababu, rejeta imeziba, feni haiwaki, kifuniko hakishiki presha, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Themostati nzima haichemshi gari.

Breki nitasema kwa kifupi maana halina mjadala, farasi zikiongezeka breki ziongezeke. Diski za mbele za GT ni zile zenye uwazi katikati za kupitisha hewa, zilikuja kwenye hafukati na zikaingia siku hiyo hiyo, na shokapu na bushi mpya. Gari haikutoka gereji kabla ya hivyo.

Sasa barabarani. Nimeipeleka Lindi kwa njia ya Mikindani na Mingoyo, nikaondoka alfajiri makusudi, na nikarudi mchana ili niihisi tofauti. Alfajiri hewa ikiwa na ubaridi, ukiwa gia ya tatu, kuanzia mizunguko 3000 hivi kwa dakika unasikia mluzi mwembamba unaanza mbele yako, halafu gari inakusukuma mgongoni na haiachi mpaka unapandisha gia. Malori ya simenti ambayo zamani nilikuwa nakaa nyuma yake nikihesabu matairi, sasa nikiona mbele peupe napita na kurudi upande wangu nikiwa na nafasi ya kutosha, na kwa barabara nyembamba kama ile hilo ni jambo la usalama kwanza. Mchana mluzi ni ule ule ila msukumo umepungua kidogo, unausikia mwilini. Vijijini ni 50 kama sheria inavyosema, na ikiwa 50 imetulia kama Starlet nyingine yoyote, hicho ndo nakipenda zaidi ya vyote. Kwenye dashibodi ya GT kuna swichi ya turbo ya Hi na Lo, yaani msukumo mkubwa na mdogo, mjini iko Lo muda wote. Nikifika siizimi hapo hapo, naiacha iungurume kidogo oili na maji yaipooze turbo, oili ikisimama ndani ya turbo yenye moto mkali inaungua inakuwa masizi na kuziba njia yake.

Karatasi nazo msisahau. Kadi ya gari ina namba ya injini, ukibadilisha injini toa taarifa TRA na uwe na risiti na nyaraka za ulikoitoa, na bima waambie pia. Ukikamatwa na injini ambayo namba yake haiko kwenye kadi utaeleza mpaka uchoke.

Mzee bado anaamini 5E ndo ilikuwa jibu. Na sasa amepata wa kumthibitishia, kuna jamaa wa Lindi kaleta Starlet yake, EP82 kama yangu ila ya milango mitano, na kwenye sakafu ya gereji iko 5E ya Raum inasafishwa. Tumeshakubaliana, ikimalizika tutazipeleka zote mbili Mingoyo siku moja, abiria sawa na mafuta sawa, mzee atakaa kwenye ile ya Raum wakati wa kwenda na kwenye yangu wakati wa kurudi, na nitaandika atakachosema.